CAN ao Olimpiki: mwezi gani ulikuwa mtamu zaidi 2024?
Huku Goma batu bangali banabishana, CAN (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Côte d'Ivoire ao Olimpiki ya Paris, mie niko upande wa CAN kabisa. Sisi Leopards, timu ya taifa ya Kongo (RDC), tulipita kundi na sare tatu, hata mechi moja hatukushinda jamani, kisha Misri tukabatoa kwa penalti 8-7, kipa wao akagonga mwamba na mwenye alikuja kumaliza ni kipa wetu Mpasi! Guinea tukabapiga 3-1. Nusu fainali, kwenye wimbo wa taifa, bachezaji bakafunika kinywa na mkono moja, vidole viwili kichwani kama bunduki, juu ya vita ya huku kwetu, hapo hata mwenye hapendi mpira aliangalia. Haller wa Côte d'Ivoire akatufunga 1-0, basi.

Paris nayo mbio zilikuwa safi, sikatai: Tebogo wa Botswana mita 200 kwa sekunde 19.46, Chebet wa Kenya dhahabu ya 5000 na ya 10000. Ila Kongo hatukupata medali hata moja, na tena umeme ukikatika kidogo tu mbio imeisha, mpira angalau unakuta kipindi cha pili kingali.