Chai ya maziwa au ya rangi?

Ubishi huu hauishi vibarazani Dar. Kwa bei, ya rangi haina mpinzani: majani, maji, sukari, kipande cha tangawizi au mchaichai, basi. Na inakaa, ukiitia kwenye chupa asubuhi, jioni bado inanyweka. Ya maziwa, kwa joto letu hili, hukatika ukizubaa, na sufuria yake lazima uisugue. Ila kwa kushibisha, ndiyo yenyewe. Wahindi huchemsha maziwa, majani na iliki pamoja; povu likipanda, punguza moto upesi. Wamoroko wao hunywa ya kijani na nanaa, bila maziwa, lakini sukari wanaimwaga haswa. Unatoka alfajiri na hutakula hadi mchana? Maziwa. Wageni wamejaa na mfuko umetoboka? Rangi, na vitumbua pembeni.