Chanjo ni halali, kichupa kilikuwa cha moto

Nimeandika haya nikayafuta mara mbili kwa hasira. Safari hii nayaacha.

Miezi kadhaa iliyopita nilikwenda duka la dawa za mifugo kununua chanjo ya mdondo, ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita kideri. Imesajiliwa, namba ya toleo ipo, tarehe haijapita. Hapo sina ugomvi. Kijana alipofungua friji, taa haikuwaka. Ndani soda zimejaa, vichupa vya chanjo vimebanwa mlangoni. Akanipa kimoja. Kilikuwa na uvuguvugu kama yai lililotagwa sasa hivi.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hii si inatakiwa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8?"

Hata hakunitazama. "Mama, umeme umekatika tu. Chanjo ni chanjo. Unachukua, huchukui? Watu wanasubiri."

Nikaomba barafu ya kubebea. Akacheka, akakitia kwenye mfuko mtupu.

Nikachukua. Hilo kosa ni langu. Nilichanja alfajiri, tone moja jichoni, kuku mmoja mmoja. Wiki chache baadaye nikaona kinyesi cha kijani, mabawa yameshuka. Tetea wangu mwekundu shingo ilipinda mpaka uso ukaelekea juu. Kila akidonoa punje anaikosa. Mdondo hauna tiba. Unakaa unawatazama wanaisha. Walibaki wanne.

Nikaapa sitaigusa tena chanjo ile. Sasa naona niliionea. Ndani yake mna virusi hai vilivyo dhaifu. Vikifa kwa joto, unachomdondoshea kuku ni maji tu. Na huenda ugonjwa ulishaingia bandani kabla sijachanja, hilo siwezi kulikataa. Lakini kwa nini nikisie, wakati friji niliiona kwa macho yangu imezimika?

Nimenunua ileile kwa muuzaji mwingine. Dada yule alinionyesha kwanza kipimajoto cha friji, akakizungushia kichupa gazeti ndipo akakiweka kwenye barafu. Kuku wapya wazima mpaka leo. Basi chanjo naipa alama zote.

Hapana, naipunguzia. Chanjo ya polio ya matone ina alama kwenye kichupa inayobadilika rangi ikipata joto, tangu 1996. Hiki changu hakikuwa na kitu. Kingekuwa nayo, ningemwekea yule kijana mezani, mbele ya hao watu waliokuwa wanasubiri.