Vikundi vya Biblia vyuoni: je, vinafundisha kumtumaini Mungu?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeingia chuo kikuu hapa Tanzania hukutana na meza za ushirika wa Kikristo kabla hata hajapata chumba: TAFES, USCF, CASFETA, TUCASA ya Wasabato, TMCS ya Wakatoliki. Ratiba zao zinafanana sana. Kuna maombezi, ibada ya katikati ya wiki, mazoezi ya kwaya, mkesha, misheni wakati wa likizo, mkutano wa Pasaka. Pembeni huandikwa "kikundi cha kujifunza Biblia", mara nyingi bila maelezo yoyote. Tunakitathmini hicho, hasa kinapobeba somo la kumtumaini Mungu, kwa sababu somo hilo halikosi kupangwa na huharibika upesi likishikwa vibaya.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Katika yote ambayo ushirika humpa mwanafunzi, kikundi cha watu 6 hadi 10 ndicho kinachofundisha kutumaini. Mkesha unatia moyo na kwaya inainua, lakini ukumbini wenye watu mia mbili hakuna atakayekuuliza kama umekula tangu jana. Kikundi kikipita watu 12, watatu huongea na waliobaki husikiliza, kwa hiyo kigawanywe siku hiyo hiyo hata kama marafiki watanung'unika.

Dakika 75 zinatosha. Tano za sala, kumi za kusoma kifungu kizima mara mbili kwa sauti, wasomaji wawili tofauti. Dakika 25 za kuchunguza kilichoandikwa: nani yupo, wapi, amesema nini, neno gani linarudiwa. Dakika 15 za maana yake kwa wasikilizaji wa kwanza, 15 za tunachokwenda kufanya wiki hii, tano za mwisho za kuombeana kwa majina. Wengi hukosea pale pale kwenye kuchunguza. Kiongozi huona kimya cha sekunde chache, akaogopa, akaanza kuhubiri. Avumilie. Kimya hicho ni watu wanasoma.

Chukua Marko 4:35-41. Swali "Mstari huu unatufundisha nini kuhusu imani?" litaletewa majibu ya shule ya Jumapili. Uliza badala yake: Yesu alikuwa wapi chomboni, na amelalia nini? Wanafunzi wake walimwambia neno gani hasa? "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hapo mtu atagundua kwamba hawakuomba msaada, walilalamika kuwa yeye hawajali. Kisha uliza hofu yao imeitwa kuu wakati gani, dhoruba ikivuma au ikiwa imekwisha kutulia. Jibu liko mstari wa 41, na kikundi kikilipata chenyewe hakilisahau.

Kwa muhula mmoja, wiki sita za somo hili ni kiasi kizuri, kuanzia wiki ya tatu ya masomo ili zikamilike kabla test hazijapamba moto. Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: Mithali 3:1-12 (si mstari wa 5 na 6 peke yake), Kutoka 16, Yeremia 28 na 29, Danieli 3, Mathayo 6:19-34, na Habakuki 3. Marko 4 itumike kufundishia viongozi wenyewe kabla muhula haujaanza.

Wiki ya Yeremia ndiyo inayopima kikundi. Karibu kila kadi ya mahafali ina 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani ambayo Mungu anawawazia watu wake, na wengi wameukariri kama ahadi ya kupata kazi. Someni kuanzia sura ya 28. Nabii Hanania anawaambia watu kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi kutoka Babeli. Watu walipenda kusikia hivyo. Barua ya Yeremia kwa waliochukuliwa mateka Babeli, katika sura inayofuata, inasema miaka 70, na kabla ya kufika kwenye mstari wa 11 inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, na wauombee amani mji uliowateka. Wengi wa waliosomewa barua ile hawangeiona siku ya kurudi. Kiongozi aulize: kati ya Hanania na Yeremia, nani alionekana mwenye imani zaidi siku ile? Tumeona swali hilo likibadilisha namna kikundi kinavyoombea ajira na mikopo, kwa sababu linawafundisha kumtumaini Mungu mwenyewe hata tarehe wanayoitaka ikipita. Danieli 3:18 ifuate mara moja, na ile "bali kama si hivyo" ya vijana watatu mbele ya tanuru isomwe polepole.

Kutoka 16 tunaipenda kwa sababu inaingia moja kwa moja kwenye boom, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa mwanafunzi. Mana ya jana ilioza na kuingia mabuu, ila siku ya sita waliambiwa wakusanye mara mbili. Mungu yule yule aliyesema usilimbike ndiye aliyesema weka akiba ya Sabato. Baada ya somo hili kila mmoja aandike bajeti ya boom lake: kodi, chakula kwa wiki, nauli, kuchapisha kazi, sadaka, halafu kiasi kidogo cha mfuko wa kikundi. Pasipo karatasi hiyo, mazungumzo ya kutumaini huishia hewani, na wiki ya kumi watu wanakopana.

Mfuko nao una kanuni zake. Watu wawili wautunze, mmoja ashike fedha na mwingine daftari, na hesabu isomwe kila mwezi. Fedha zikikaa kwenye simu ya mtu mmoja pamoja na zake, ugomvi utakuja hata kama ni mwaminifu, kwa sababu hakuna anayejua zipi ni zipi. Mwenye shida apewe kimya kimya, bila jina kutajwa kwenye maombi wala kwenye grupu la WhatsApp. Mara moja kwa mwezi mpike pamoja geto kwa mtu anayeishi nje ya hosteli: mchele kilo moja na nusu na maharage kilo moja vinatosha watu wanane. Maharage yalowekwe tangu usiku, la sivyo mtasoma Biblia na njaa.

Kuna kasoro zisizovumilika. Ya kwanza ni kuhesabu utoro kama imani. Mwanafunzi anayeacha test kwa ajili ya mkesha hajamtumaini Mungu, anamjaribu, na Mathayo 4:7 inatosha kumjibu. Ya pili ni ya anayekuja na fundisho la kupanda boom lote kama mbegu, yaani kulitoa lote sadaka, ili ufaulu. Mtu aondoke kwenye kikundi kinachoruhusu hilo. Ya tatu ni kumwambia mgonjwa aache dawa, au aliyezama kwenye huzuni kwamba hajaomba vya kutosha. Mshauri wa wanafunzi yupo chuoni kwa kazi hiyo. Mtu asindikizwe mpaka mlangoni kwa mshauri huyo, na maombi yaendelee.

Kwa kiongozi tunaangalia jambo moja kuliko kipawa cha kuongea: je, anaweza kusema "sijui, tutafute wiki ijayo"? Viongozi wakutane siku mbili kabla na kulipitia somo lenyewe wao kwa wao kwa saa moja. Ushirika usiofanya hivyo huwa na vikundi kumi vyenye mafundisho kumi. Kifungu kitumwe kwenye simu mapema, na kila mtu awe amepakua Biblia ya kusoma bila intaneti, kwa maana kifurushi huisha katikati ya somo. Angalau Biblia mbili za karatasi ziwepo, kwani simu ikilia kwa ujumbe mwingine msomaji anapotea.

Wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, wapunguze hadi dakika 20 na Zaburi 131, mistari mitatu tu, kisha kila mtu arudi kusoma. Lakini huduma hii ina pengo kubwa tunalotaka viongozi walizibe. Matokeo hutoka watu wakiwa likizo. Aliyepata sapu, yaani mtihani wa marudio, hurudi chuoni peke yake kuufanya, aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, harudi kabisa, na kikundi kilichozungumzia kutumaini muhula mzima kimeshatawanyika. Kabla ya kufunga, wapangwe watu wawili wawili wa kupigiana simu wiki matokeo yanapotoka, na wenye geto mjini waseme wazi nani anaweza kumpokea mwenzake wakati wa sapu. Majina hayo yaandikwe kwenye daftari lile lile la mfuko.