Ringi za kina kipi kwa barabara za Unguja na Pemba: mbele, nyuma na upepo wa pwani

Baada ya fremu, jozi ya magurudumu ya kaboni mara nyingi ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye baiskeli ya mbio, na ndiyo inayonunuliwa kwa macho zaidi. Mtu anaona ringi ya kina cha milimita 60, yaani urefu wa ringi kutoka kwenye tairi kuelekea katikati ya gurudumu, kwenye mashindano ya Ufaransa, inamkaa moyoni, anaagiza, inakuja na boti kutoka Dar. Kisha mwezi wa Julai anakutana na kusi pale Jambiani, na wiki ya pili anatafuta wa kumuuzia.

Msimamo wangu nauweka mapema: huku kwetu gurudumu la mbele lichaguliwe kwa kuangalia upepo, na la nyuma kwa kuangalia saa, yaani mwendo. Baiskeli moja kuwa na ringi za vina viwili si kasoro wala si umaskini.

Ukishapita kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zako inakwenda kuisukuma hewa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kupambana na hewa hiyo inapanda karibu mara nane. Lakini hewa nyingi inagonga kiwiliwili chako, si ringi. Anayeendesha kifua wazi na fulana inapepea anapoteza zaidi ya kile ambacho ringi yoyote itamrudishia, kwa hiyo kama bado hujanunua nguo za kubana na tairi nzuri, anza na hizo.

Sasa mbele na nyuma. Gurudumu la mbele ndilo linalokutana na hewa ambayo haijavurugwa, ndiyo maana faida kubwa ya kina iko mbele. La nyuma limejificha nyuma ya miguu na bomba la siti, na hewa inayolifikia imeshachafuka. Ukiishia hapo utasema tuweke ringi kubwa mbele. Tatizo ni kwamba gurudumu hilohilo ndilo linaloongozwa na usukani. Upepo wa ubavuni ukiipiga ringi ya kina hauishii kukusukuma pembeni, unaukamata usukani wenyewe na kuuzungusha. Gurudumu la nyuma haligeuki, na uzito wako mwingi umelikalia. Ndiyo maana linabeba milimita 10 au 20 zaidi bila kukusumbua.

Wavuvi hawahitaji somo hili. Ringi ya kina ikipigwa na upepo kwa pembe ndogo inafanya kazi ya tanga la ngalawa: inavuta mbele kidogo huku ikisukuma ubavuni. Pembe ikizidi, hewa inaachana na ubavu wa ringi ghafla, na hapo usukani unaruka mkononi. Ringi za zamani zenye umbo la V zilikuwa na tabia hiyo sana. Za sasa zina mgongo mpana wa duara, zinaachia hewa polepole. Kwa hiyo usilinganishe kina peke yake. Ringi ya milimita 45 yenye mgongo mpana inaweza kutulia kuliko ya 38 yenye ncha.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Waendeshaji wa kulipwa wanakwenda kilomita 45 kwa saa, na kwa kasi hiyo upepo wa ubavuni unawafikia kama unatoka mbele zaidi. Sisi tunaokwenda 28 au 30 upepo huohuo unatupata kwa pembe pana zaidi. Ringi inayomtulia yeye si lazima ikutulie wewe.

Na upepo wetu tunaujua. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi inaingia baada ya hapo na inakaza zaidi Juni hadi Agosti. Barabara ya kutoka Mjini kwenda Paje haina shida kubwa. Ukishapita Tunguu, Bungi na miembe yake ya Bi Khole, mpaka ndani ya msitu wa Jozani, miti inakukinga. Balaa liko pwani ya mashariki. Chukua kipande cha Paje kwenda Bwejuu na Michamvi wakati wa kaskazi. Unapita ubavuni mwa ukuta wa hoteli, kimya kabisa. Ukuta unakwisha, panabaki uwazi na minazi michache, bahari inaonekana, na bega la kulia linapigwa. Kabla hujafikiri, gurudumu limeshakwenda kushoto, kwenye mchanga na vipande vya matumbawe. Halafu ukuta mwingine, na kimya tena. Upepo unaovuma mfululizo mtu anauzoea. Unaokuja kwa vipande ndio unaoangusha. Ukielekea Makunduchi wakati wa kusi ni kibaya zaidi, kwa sababu upepo uko kushoto na unakusukuma katikati ya barabara, huko huko daladala inakokupitia.

Basi, kwa mpangilio wangu:

Nafasi ya kwanza: mbele milimita 35 hadi 42, nyuma 45 hadi 55. Hii ndiyo jozi ya kuendesha mwaka mzima Unguja bila kuangalia bendera inapeperuka upande gani. Watengenezaji wa magurudumu Enve wana SES 3.4 yenye 39 mbele na 43 nyuma, iko karibu na ninachosema ingawa nyuma ningetaka zaidi. Shimano wana Dura-Ace C36 na C50, na namba hizo zinakaribia kina chenyewe kwa milimita. C36 mbele na C50 nyuma ni mchanganyiko mzuri sana kwa kisiwa hiki. Ukiwa na pesa ya gurudumu moja tu, nunua la mbele la 40, uendelee na alumini nyuma. Faida iko mbele, na 40 haitakutupa.

Nafasi ya pili: 45 au 50 pande zote mbili. Hii ndiyo jozi iliyojaa sokoni, na viwanda vingi vya China vinaiuza kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile ya majina makubwa, ambayo mara nyingi hupita dola 2,000. Inamfaa mwenye kilo 75 kwenda juu, na anayependa barabara ya Mahonda, Kinyasini hadi Nungwi kuliko ya pwani. Mwenye kilo 55 apunguze milimita 10 mbele, asibishane.

Nafasi ya tatu: 30 hadi 35 mbele na nyuma. Kwa mtu wa Pemba ningeipandisha iwe ya kwanza. Kutoka Chake kwenda Wete na Konde barabara haitulii, kilima kinakwisha kingine kinaanza, na mwendo wako wa wastani unashuka chini ya pale ambapo kina kingekulipa. Ringi nyepesi ya alumini inatosha, na pesa inayobaki ni tairi za miaka miwili. Unguja ni tambarare, gramu 200 hutazihisi, Pemba utazihisi.

Nafasi ya nne: 50 mbele na 60 nyuma. Mfano mzuri ni Roval Rapide CLX II, yenye 51 mbele na 60 nyuma. Ringi yake ya mbele ina upana wa milimita 35 na ya nyuma 30, na upana huo wa mbele uliwekwa makusudi ili usukani utulie. Toleo lililofuata likapunguza ya nyuma hadi 48 na kuiacha ya mbele 51, kinyume kabisa na ninachohubiri hapa. Halinigeuzi. Kwa mwendo wa kulipwa wana haki; kwa mwendo wetu na kuta za hoteli zile, bado mbele naweka 40. Ukiipenda jozi ya namna hii, itumie siku tulivu kati ya misimu miwili, na uweke ringi fupi ya mbele nyumbani.

Nafasi ya tano, na hapa sina maneno mengi: 80, au gurudumu la nyuma lililozibwa kabisa lisilo na spoku. Kuanzia Januari 2026, shirikisho la baiskeli duniani, UCI, limeweka kikomo cha milimita 65 kwa mbio za barabara za kundi. Kule Kona, Hawaii, kwenye Ironman, mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, magurudumu yaliyozibwa yamekatazwa kwa sababu ya upepo. Hicho nacho ni kisiwa.

Kabla hujalipa, pima upana. Josh Poertner, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya magurudumu ya Zipp, ndiye aliyeeneza kanuni ya 105: upana wa nje wa ringi usipungue asilimia 105 ya upana halisi wa tairi. Tairi ya upana wa milimita 28 inataka ringi ya kama 29.5 au zaidi. Ukiweka tairi ya 32 kwenye ringi nyembamba, kina ulichokilipia kinapungua thamani. Kama ringi haina mdomo wa ndani wa kushika tairi, mwisho wa kujaza upepo ni psi 72.5, si zaidi. Ukizoea kujaza 100 kwa pampu ya fundi, utairusha tairi.

Chumvi nayo ina bei yake. Kaboni na alumini zikikutana na maji ya bahari, alumini inaliwa. Ulizia vile vichwa vidogo vya kukazia spoku viwe vya shaba, hata kama vinaongeza gramu chache, na ukitoka pwani ya mashariki suuza magurudumu kwa maji baridi.

Tyubu: sokoni Darajani, za valvu nene zimejaa, za Phoenix na za watoto. Tundu la ringi ya kaboni ni la valvu nyembamba, na ringi ya 50 inataka valvu ya milimita 70 hadi 80. Agiza pamoja na magurudumu, na uwe na kichwa cha pampu kinachoingia.

Na omba spoku za akiba wakati huohuo. Ukichanganya vina, urefu wa spoku za mbele na nyuma hautalingana, na nyuma upande wa giya nao una urefu wake. Chukua mbili za kila urefu, ziandike kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu fundi hana za namna hiyo kwenye kopo lake.