Darasa la Pumzi Parklands: Wiki Sita za Kipupwe

Nimemaliza wiki sita za darasa la mazoezi ya kupumua ya yoga katika nyumba moja ya zamani mtaani Parklands, Nairobi, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wale ambao, kama mimi, moyo huwaingia ukungu kila Juni inapobisha hodi na hauwatoki hadi mawingu yafunguke mwishoni mwa Agosti. Jina la nyumba hiyo nimelihifadhi kwa kuwa pamoja na sifa nina malalamiko mawili, ijapokuwa yote mawili yalisikilizwa.

Tangazo lao liliahidi tiba ya huzuni ya majira ya baridi, na ahadi hiyo inahitaji kupimwa. Hali hiyo, ambayo Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu nchini Marekani mwaka 1984, ni sonona inayorudi kila mwaka siku zinapofupika, na huhusishwa na upungufu wa mwanga zaidi kuliko baridi yenyewe. Ninaijua kwa karibu, kwani nilisoma Glasgow kwa miaka miwili, ambako mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri na mchana wote ni kama saa saba tu. Daktari wa huko alinishauri niketi kila asubuhi kwa nusu saa mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000. Nairobi iko karibu na ikweta, na mchana wake wa Juni na wa Desemba hautofautiani hata kwa nusu saa. Tulicho nacho sisi ni kipupwe: wingu la kijivu linalolalia jiji tangu alfajiri, siku tatu nne bila jua kuonekana, na sakafu ya saruji inayouma nyayo. Sitadai kwamba huo ni ugonjwa uleule. Ninachoweza kusema ni kwamba Julai ya mwaka jana vyombo vilikaa kwenye sinki langu siku tano bila kuoshwa, na nilipoviangalia siku ya tano nililia.

Darasa hukutana mara mbili kwa wiki, saa moja asubuhi, na ada ni shilingi 9,000 kwa vipindi 12, hulipwa kwa M-Pesa. Kwa anayetoka Buruburu na kubadilisha matatu mjini, kama mimi, nauli nayo si ya kupuuzwa.

Mwalimu hapendi hotuba. Siku ya kwanza alitueleza kwamba neno pranayama ni la Kisanskriti, prana ikiwa ni pumzi ya uhai na ayama ni kuirefusha, kisha akatuambia kila mmoja ahesabu pumzi zake kwa dakika moja. Zangu zilikuwa 19. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hiyo sikuwa nje ya kawaida, lakini shabaha ya darasa ni kushuka hadi karibu mara sita, kwa kuvuta pumzi kwa sekunde nne na kuitoa kwa sekunde sita. Uzito wote uko kwenye kutoa. Mapigo ya moyo hupungua kidogo kila tunapotoa pumzi, kwa kazi ya neva ya vagasi iliyotoka ubongoni ikashuka hadi kifuani na tumboni, na anayerefusha kutoa pumzi huupa mwili muda mrefu zaidi wa kutulia.

Zoezi la kupokezana matundu ya pua, liitwalo nadi shodhana, lilinishinda kwa wiki mbili kwa sababu nilikuwa na mafua, kama nusu ya darasa, na mwalimu alifanya busara kutuzuia tusiilazimishe pua iliyoziba. Lililonifaa kuliko yote ni bhramari, zoezi la nyuki. Unafumba mdomo bila kuuma meno, unaziba masikio kwa vidole, kisha unatoa pumzi kwa kuvuma polepole mpaka iishe yenyewe. Mvumo huo huanza kooni, ukapanda kwenye taya, ukatulia nyuma ya paji la uso, na kwa muda huo mfupi hakuna wazo linalopata nafasi ya kusema. Katika wiki ya nne, tukivuma watu ishirini kwa pamoja, nilihisi mabega yangu yakishuka, nami sikuwa na habari kwamba yalikuwa yamepanda. Usiku huo nililala bila kukatiza usingizi, jambo ambalo sikulipata tangu Mei.

Lalamiko la kwanza ni zito. Katika kipindi cha pili tulifundishwa kapalabhati, yaani kutoa pumzi kwa kasi na kwa kukaza tumbo, bila yeyote kuulizwa habari za afya yake. Zoezi hilo halimfai mjamzito, mwenye kifafa, mwenye maradhi ya moyo wala mwenye shinikizo la damu lililo juu. Mzee aliyeketi mkeka wa jirani yangu alipata kizunguzungu akashika ukuta. "Mwalimu, mimi ni mtu wa presha," alisema alipotulia. Mwalimu alipiga magoti mbele yake akamwambia, "Nisamehe, Mzee, ilinipasa kuuliza kwanza." Tangu siku hiyo kila mgeni huhojiwa mlangoni, lakini ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo.

La pili ni mapazia. Ukumbi ulifungwa mapazia mazito na kuwashwa mishumaa, eti kuleta utulivu, ilhali tulifika pale kwa sababu ya kukosa mwanga. Mzee yuleyule ndiye aliyeninong'oneza, "Binti yangu, giza tumeliacha nyumbani, mbona tunalilipia tena?" Nikamweleza mwalimu yale niliyofundishwa Glasgow, kwamba hata siku ya mawingu mwanga wa nje huuzidi ule wa taa za ndani mara nyingi, na kwamba saa za asubuhi ndizo zenye manufaa zaidi. Katika wiki ya tatu mikeka ilihamishiwa barazani, tukavaa sweta na kujitanda mashuka ya Kimaasai. Kwa maoni yangu hapo ndipo darasa lilipoanza kustahili ada yake, na sitaki kuipa pumzi sifa yote: kuamka mapema, kukaa mwangani na kutazamiwa na watu waliojua jina langu kulifanya sehemu kubwa ya kazi.

Kwa hiyo neno tiba ningeliondoa kwenye tangazo. Sikuacha kumwona mshauri wangu wa afya ya akili, na yeyote ambaye huzuni imemfikisha kwenye mawazo ya kujidhuru aende hospitali leo, asingoje darasa. Ila kwa uzito ule wa kipupwe unaomfanya mtu aahirishe hata kuoga, pumzi sita kwa dakika barazani zimenisaidia, na mwaka huu sinki langu halijalaza vyombo zaidi ya usiku mmoja.

Nimekwisha kulipia awamu ya pili. Atakayekuja afike dakika kumi kabla ya saa moja akiwa na soksi nzito, kwa maana upande wa mashariki wa baraza una nafasi ya mikeka minane tu, na wa kwanza kufika huwa ni Mzee.