Neti ya bure ya kliniki na ile niliyonunua 40,000, ipi kali?

Naishi Chekereni, Moshi ya chini huku, mpunga umezunguka nyumba pande zote, kwa hiyo mtu wa Machame na baridi yake asije kuniambia mbu sio ishu. Huku jua likizama tu unawasikia. Ndani ya mwaka na nusu nimelalia neti mbili tofauti ndo maana naandika, maana naona wengi mnauliza neti ipi nzuri halafu wanaowajibu ni wauzaji wenyewe.

Ya kwanza nilinunua mjini, duka silitaji. Ile ya duara ya kuning'iniza darini, nyeupe, ina lesi chini, 40,000 nikatoa bila hata kuomba punguzo maana tulikuwa ndo tunaanza maisha na nilitaka chumba kipendeze. Nikamuuliza muuzaji ina dawa? "Ipo dawa dada yangu, we lala." Uongo mtupu, kwenye lebo hakuna dawa yoyote iliyoandikwa, na asubuhi nilikuwa namkuta mbu kwa ndani kashiba mpaka kuruka hawezi. Neti isiyo na dawa ukiegemeza mkono tu usiku wanakunyonya kwa nje, na ikipata tundu moja ndo imeisha hiyo.

Ya pili nimepewa kliniki, bure, nilipoanza kuhudhuria mimba. Ila siku ya kwanza niliambiwa zimeisha njoo wiki ijayo, wiki ijayo tena hivyo hivyo, safari ya tatu ndo nikapata na nauli ya boda ilikuwa yangu mara zote, kwa mama anayetoka mbali kuliko mimi hapo bure inakuwa sio bure tena. Utaratibu wenyewe unaitwa Chandarua Kliniki, ulianza 2016, unapewa moja hudhurio la kwanza na nyingine mtoto akipelekwa chanjo ya surua miezi tisa. Hujapewa? Uliza, wala usione aibu.

Yenyewe ya pembe nne, bluu, urembo sifuri. Mume wangu alivyoiona akasema chumba kimegeuka wodi. Usiku wa kwanza uso uliniwasha na kosa ni langu, nesi alishaniambia "mama, itandaze kivulini siku nzima ndo uilalie", mimi nikaitundika ile ile jioni. Baada ya hapo mwasho ukaisha na sijamkuta tena mbu aliyeshiba. Kufua sabuni ya kawaida tu, jiki hapana, na usianike juani.

Sasa nikaanza kudadisi hizi neti za dawa ya kudumu zinatoka wapi, kumbe jirani tu. Olyset, aina mojawapo ya neti hizo, inatengenezwa Arusha na kiwanda cha A to Z tangu 2003, Sumitomo Chemical ya Japani ndo waliwapa utaalamu bila kudai mrabaha. Dawa yake permethrin inachanganywa humo humo kwenye plastiki kabla haijawa uzi, inajitokeza juu kidogo kidogo, ndo maana ukifua haiishi yote. Nilicheka kidogo, maana hii mifereji ya mpunga ya Lower Moshi nayo ilijengwa miaka ya 80 kwa ushirikiano na Japani hao hao, yaani walituletea wali, mbu wakaja wenyewe, halafu na neti ikafuata.

Mama mkwe akasema sisi tunadeka. Enzi zao kuanzia 2004 ilikuwa Hati Punguzo, hela ya Global Fund, ule mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, TB na malaria, mjamzito anapewa hati kliniki anaenda nayo dukani halafu anaongezea tofauti mfukoni. Asiye na cha kuongezea alikaa na karatasi yake. Baadaye nyongeza ikashushwa ikawa 500, na bado anasema kuna waliokosa hiyo 500. Ndo maana mtu akiniambia cha bure hakina thamani huwa namwangalia tu.

Wasiwasi wangu uko sehemu mbili. Mbu wameanza kuizoea permethrin, hilo sio la mtaani, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo cha KCMC hapa Moshi pamoja na wenzao wa London walifanya utafiti Muleba kule Kagera, matokeo yakatoka 2018, neti iliyoongezewa kemikali inayoitwa PBO ilikinga watoto vizuri kuliko ya kawaida, kwa sababu PBO inamvunjia mbu ule uwezo wa kuiyeyusha dawa mwilini. Kwa hiyo ukipewa ya kuchagua soma lebo, yenye PBO ndo uibebe. Pili ni hela. Mpango wa malaria wa Marekani ulianza 2005 na sisi, Uganda na Angola ndo tulikuwa wa mwanzo kabisa, halafu Januari 2025 wakasimamisha misaada yao ghafla tu. Mbu hawajasimamisha kitu. Sasa kama kiwanda kipo Arusha na watafiti wapo Moshi, hela ya kununua neti ya mama wa Chekereni mpaka lini isubiri watu wapige kura huko ng'ambo?

Neti ya kliniki naipa nne kati ya tano, moja nimekata kwa zile safari za boda. Ile ya 40,000 ipo uani, imefunika vifaranga, na lesi yake kunguru hawapiti.