Sharubati nzito bila maziwa: ndizi ya friza au avokado?

Ukirudi nyumbani kutoka soko la Kibuye, Kisumu, na maembe yako, uzito wa sharubati utautoa wapi kama hutumii maziwa?

Ndizi mbivu yenye madoadoa imenye, ikate vipande, igandishe usiku kucha. Ikisagwa huwa nzito, baridi, wala huhitaji sukari. Lakini ladha yake hulifunika embe, na stima ikipotea usiku basi.

Avokado haingoji friza. Nusu yake, embe moja, kikombe cha maji, na ndimu kidogo ili rangi isigeuke kahawia. Mafuta yake ndiyo yanayoifanya iteleze kooni kama krimu, na embe linabaki embe. Mimi nachagua avokado, hasa ile ya Kisii inayobonyea kidogo tu karibu na kikonyo.